Mgeni Aliyenyimwa Jembe: Wiki Tisa za Kujitolea Miongoni mwa Wayahudi wa Mbale

Juni 2019 niliacha kazi yangu ya ualimu wa BOM, yaani mwalimu anayeajiriwa na bodi ya shule badala ya serikali, katika shule moja ya msingi huko Nyandarua, Kenya, nikavuka mpaka wa Malaba nikiwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na begi moja la mgongoni. Nilikuwa nikienda kujiunga na vijana 17 wa Kiyahudi kutoka Marekani, Uingereza, Argentina na Afrika Kusini waliokuja kujitolea kwa wiki tisa kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Nilikuwa na umri wa miaka 24. Kati yetu sote 18, mimi ndiye niliyetoka karibu zaidi, na kwa hiyo nikajiona ndiye nisiyehitaji maandalizi. Makosa yangu karibu yote yalianzia hapo.

Tangu niliporudi, hapakosi kijana mmoja au wawili kila mwaka wanaoniuliza kama nao waende. Siwezi kuwajibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Ninachoweza ni kusimulia yaliyonipata, pamoja na gharama zake, ili atakayekwenda asilipe mara ya pili nilichokwisha kulipa mimi.

Jamii yetu ya Kiyahudi huko Nyandarua ni familia chache za wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wazazi wetu walikuwa Wakristo walioshika Sabato, na katika kuvisoma vitabu vitano vya Musa swali lilizaa swali, hadi wakaanza kupanda matatu kwenda Nairobi kuuliza katika sinagogi lililo karibu na Chuo Kikuu. Mimi nilitahiriwa kwa desturi ya Kikuyu nikiwa na miaka 13. Mwaka uliofuata, nilipoingizwa rasmi katika Uyahudi, marabi watatu wageni walitoa tone moja la damu mahali pale pale, kwa kuwa tohara ya kabila haikukusudiwa kuwa agano la Ibrahimu, kisha nikazamishwa majini mara tatu. Nalitaja jambo hili, ingawa linaniaibisha kidogo, kwa sababu litarudi mbele.

Wenyeji wetu, Wayahudi wa Mbale wanaoitwa Abayudaya, wana historia ndefu kuliko yetu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliwasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki, kisha akaona amenyimwa mamlaka aliyoyatarajia, akajitenga nao na kuzama katika Biblia. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na alipoambiwa kwamba hilo ni jambo la Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Hakuna mmishonari aliyemfuata. Mgeni mmoja wa Kiyahudi aliyefika mwaka 1920 alikaa naye kwa miezi kadhaa, akamfundisha kalenda na sheria za chakula, akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, masinagogi yalifungwa, wengi wakageukia Ukristo au Uislamu, na waliobaki wakawa wa kuhesabika kwa mamia. Mwaka 2002 mamia kati yao waliingizwa rasmi mbele ya marabi wa tawi la Uyahudi liitwalo Konsavativu, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, aliyesomea Los Angeles, akatawazwa kuwa rabi, kabla ya kuchaguliwa mbunge mwaka 2016. Nilidhani kuyajua hayo yote kulinitosha.

Kosa la kwanza lilikuwa la mwili. Nyumbani kwetu ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo asubuhi ya Julai huweka barafu nyembamba juu ya nyasi na mbu wa malaria hana riziki. Mbale ni chini mno kuliko hapo, na malaria ni ugonjwa wa kila siku. Wenzangu wote walikuwa wakimeza kidonge cha kinga kila asubuhi baada ya chai. Mimi nilipoulizwa nilicheka, nikasema kwamba mimi ni Mwafrika. Katika wiki ya tatu nililazwa kwa siku mbili katika zahanati ya mjini, nikitetemeka chini ya mablanketi matatu, na binti mmoja wa Chicago akaniuliza kwa upole ule unaouma kama, huko kwetu, niliwahi kuugua malaria hata mara moja. Sikuwahi. Kinga dhidi ya malaria hujengwa na kuumwa mara kwa mara tangu utotoni, haitokani na rangi ya ngozi, na mtoto wa nyanda za juu ni mgeni bondeni sawasawa na aliyeshuka kutoka kwenye ndege.

Hapo hapo nikagundua kosa la pili. Bima ya kikundi iliwahusu waliosafiri kwa pasipoti kutoka mabara mengine, na jina langu halikuwamo. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu, kwa sababu niliona haya kuuliza mambo ya fedha mbele ya watu waliokuwa wamenipunguzia ada ya programu. Matibabu yalinigharimu shilingi 190,000 za Uganda, ambazo ni kama 5,300 za Kenya. Nikijumlisha nauli, chanjo, matibabu na matumizi madogo, wiki hizo tisa zilinitoa shilingi 27,400, bila kuhesabu mshahara wa miezi miwili, ambao kwa mwalimu wa BOM ni mdogo lakini ndio uliokuwa ukimlipia mdogo wangu karo. Anayekwenda na aandikiwe majibu ya maswali haya kabla ya kupanda gari: nani atalipa nikiugua, nani atalipa nikilazimika kurudi mapema, na je, masharti yangu ni sawa na ya wenzangu? Haya ya kuuliza hugharimu siku mbili, na haya ya kutouliza hukuandama msimu mzima.

Kuhusu kazi yenyewe, waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukupewa. Ratiba ilikuwa imepangwa ng'ambo kabla hatujafika, nayo ilisema kwamba tungefundisha Kiingereza katika shule ya msingi, wawili wawili kwa kila darasa, kila asubuhi isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Nilipangiwa darasa la saba pamoja na kijana wa New Jersey aliyekuwa amehitimu sayansi ya siasa. Watoto walitupenda. Tuliimba, tukacheza michezo ya maneno, tukapigwa picha. Mwalimu wa darasa, bwana wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi kila siku, alitoka nje na kwenda kuketi chini ya mti wa ovakado akisahihisha madaftari.

Mimi ni mwalimu. Nililiona jambo hilo tangu siku ya kwanza. Darasa lile lilikuwa na mtihani wa taifa mwezi Novemba, na kila kipindi tulichochukua kilikuwa kipindi kilichokatwa kutoka katika mpango wake wa kazi. Ilipofika wiki ya pili aliniita pembeni akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, nyinyi mkiondoka mimi nitayarudia yote haya jioni, bila malipo." Hakusema kwa hasira. Alinieleza kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi jambo ambalo mwenzake analijua tayari. Nami nilinyamaza kwa wiki mbili zaidi, kwa sababu moja ambayo sijaweza kuisafisha kwa maneno mengine: nilikuwa nafurahia kuwa, kwa mara ya kwanza maishani, upande wa wale wanaoshukuriwa.

Tuliloshindwa kulitatua katika mikutano yetu ya jioni lilitatuliwa na mzee mwenyekiti wa kamati ya kijiji, siku tulipojipa moyo kwenda kumuuliza kuna kazi gani. Hakutoa hotuba. Alichukua funguo, akatupeleka kwenye stoo iliyo nyuma ya shule, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na zawadi za vikundi vilivyotutangulia: maboksi ya vitabu vya picha vyenye watoto wanaocheza kwenye theluji, makoti mazito ya baridi, printa tano zisizo na wino wala nyaya, mipira iliyoisha upepo, vitabu vya sala vya Kiebrania vya aina nne tofauti ambavyo kurasa zake hazilingani, na gitaa lililoliwa na mchwa. Akasema kwamba kamati ilikuwa inaona vibaya kutupa vitu vya wageni, na ilikuwa inaogopa kwamba mgeni aliyevileta angerudi siku moja akaviulizia.

Kazi yetu ya wiki tatu zilizofuata ikawa stoo ile. Tulivigawa vitu, tukaandika orodha, tukauza vya kuuzika sokoni Mbale kwa jina la shule, tukatupa vya kutupwa, na kutupa huko kulihitaji ngozi zetu za ugenini, maana wenyeji wasingethubutu. Vitabu vilivyofaa vilipata rafu na daftari la kuazima, na wanafunzi wawili wa darasa la saba wakawa wakutubi. Haikuwa kazi ya kupigiwa picha, na wawili kati yetu walilalamika wazi kwamba hawakuvuka bahari ili kuhesabu makoti. Lakini mwalimu alirudi darasani kwake. Kama ningepewa nafasi ya kumshauri kijana yeyote jambo moja la kufanya katika juma la kwanza, ningemwambia aombe kuonyeshwa stoo.

Jembe lenyewe nililipata wiki ya sita, kwa mama mmoja aliyekuwa mwenyeji wangu wa chakula cha mchana. Miteremko ya Mlima Elgon hulimwa kahawa ya arabika, na huko Mbale ndiko kulikoanzishwa mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ambamo wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliungana kuuza kahawa yao pamoja. Mama alikuwa akipalilia, nikamsihi aniachie. Mtoto wa mkulima wa viazi huzamisha jembe hadi mpini utetemeke, na ndivyo nilivyofanya. Sikumaliza mstari mmoja kabla hajaninyang'anya. Mizizi ya mkahawa inayolisha mti iko karibu na uso wa udongo, akasema, na mimi nilikuwa naikata. Akanionyesha kukwaruza. Kisha akaona afadhali nichambue maharage.

Sasa niseme juu ya ukalimani, ambao hakuna aliyenipa rasmi wala mimi sikuukataa. Wazee wengi wa pale wanaelewa Kiswahili, kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza maneno yote yalipita kinywani mwangu. Nilikuwa mshiriki kwenye karatasi na mkalimani, dereva wa maneno, mjumbe na mshitakiwa kwa vitendo. Walinzi wa nyumba ya wageni walidhani mimi ni mfanyakazi wa kikundi, na sikuwasahihisha. Ubaya zaidi ni kwamba nilikuwa napunguza makali. Mzee aliposema kwamba ni marufuku kutumia simu ndani ya sinagogi siku ya Sabato, nilitafsiri kwamba wenyeji wangependelea simu zisitumike. Kwa masikio ya kijana wa Marekani asiyeshika Sabato, kupendelea ni jambo la hiari. Jumamosi hiyo watu wakiimba Zaburi kwa Kiluganda, kwa sauti zile zinazopandiana kama mawimbi, simu mbili zilinyanyuliwa juu. Wimbo ulikatika. Aliyeonekana hana adabu ni yule kijana, na aliyekuwa hana adabu ni mimi.

Baada ya hapo nilikataa. Tulichanga fedha tukamlipa kijana wa kijijini aliyejua Kiluganda, Kigisu, Kiswahili na Kiingereza, naye alitafsiri kila kitu kama kilivyosemwa, matusi na sifa pamoja, na mambo yakanyooka kwa kasi ya kushangaza. Gharama yake kwa kila mmoja wetu kwa wiki haikufikia bei ya soda tatu.

Nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Kwetu sala fulani hazisaliwi pasipo watu wazima kumi wa Kiyahudi, idadi inayoitwa minyani. Mojawapo ni kadishi, sala ambayo mfiwa humsifia Mungu bila kutaja kifo hata mara moja, na ambayo mtoto huisoma pia kila mwaka tarehe aliyofariki mzazi wake. Wayahudi wa Kiothodoksi, tawi linaloshika sheria za kale kwa ukali zaidi, huhesabu wanaume tu. Katika kikundi chetu wanaume tulikuwa kumi kamili. Mmoja wao, kijana wa London aliyelelewa Kiothodoksi, alikuwa na kumbukumbu ya mwaka wa pili wa baba yake, na ilianza Ijumaa moja ya Julai jioni. Huko karibu na ikweta Sabato huingia mapema. Tayari saa kumi na mbili na nusu mishumaa inawashwa, wakati London mwezi huo jua linaning'inia hadi baada ya saa tatu usiku. Mvua ilipiga tangu saa tisa, njia ya kupanda kwenda sinagogi ikawa matope ya kuteleza, na ikakubaliwa tusali nyumbani.

Alinifuata jikoni. Kwa sauti ya chini na kwa adabu aliniuliza marabi walioniingiza katika Uyahudi walikuwa wa tawi gani.

Nilijua anachouliza, maana Waothodoksi wengi hawamhesabu kuwa Myahudi mtu aliyeingizwa na marabi wa matawi mengine. Swali hilo si geni kwa Wayahudi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2017 kijana mmoja wa jamii ya Wayahudi wa Kenya alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Ben Gurion, Israeli, akarudishwa, ilhali alikuwa na viza mkononi, na kwetu habari hiyo ilisimuliwa kama msiba. Hata huko Mbale wenyewe hawako pamoja: kijiji cha Putti kilichagua kufuata njia ya Kiothodoksi, wengi wakabaki na Konsavativu. Nilikuwa na majibu mengi ya busara ambayo ningeweza kuyatoa. Nilimwambia, "Wa tawi ambalo wewe hulihesabu," nikatoka nje kwenye baraza nikasimama pale mvua ikininyeshea miguu hadi sala ikaisha.

Walibaki tisa. Hakuisoma kadishi usiku ule.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikisimulia hivyo kwa mama yangu kwa simu siku ya Jumapili, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Alisema hapana, au aliuliza?" Aliuliza. Huenda angesema hapana, huenda angesema ndiyo, sitajua kamwe, kwa kuwa sikumwachia nafasi. Ninachojua ni kwamba mtu alitaka kumwombea baba yake, nami nilikuwa mtu wa kumi, nikaondoka. Kesho yake asubuhi tulipanda kilimani kwenye matope. Ndani walikuwamo wanaume zaidi ya ishirini, wote wa tawi langu, na mzee wa mlangoni, ambaye huwauliza wageni wote bila kuchagua, alimuuliza yeye kama mama yake ni Myahudi. Alijibu ndiyo, akaketi nyuma kabisa. Ulipofika wakati wa wafiwa alisimama akaisoma, kwa lafudhi ya London, harakaharaka, nasi tukaitikia amina. Tuliposhuka aliniambia kwamba hajui kama mbele ya marabi wa kwao imehesabika, ila ameisoma. Nilimwomba radhi kwa ya jana. Naye akaomba radhi kwa kuuliza jikoni, saa ambayo hapakuwa tena na muda wa mazungumzo.

Hilo la muda ndilo ninalowasihi wapangaji na washiriki wote walizingatie. Kikundi chenye Wayahudi wa matawi mbalimbali kinapaswa kuzungumza kabla ya Sabato ya kwanza, tena mezani, mchana, watu wakiwa wameshiba: nani anahesabika kwa nani, wanawake watahesabiwa au la, nani anakula kwenye sufuria za nani, na mtu asiyekubaliana atafanya nini bila kumwaibisha mwenzake. Halipendezi, lakini ni afadhali liwe baya Jumanne kuliko Ijumaa jioni. Na wewe ambaye utambulisho wako huulizwa maswali, jiandalie jibu lako ungali nyumbani. Hakuna anayekulazimisha kumjibu kila mtu, ila usichague kujibu kwa hasira mbele ya mtu mwenye msiba.

Wenzangu nao walikuwa na yao. Wengi walikuwa Wayahudi kwa bibi zao, kwa vyakula vya sikukuu na kwa jina la ukoo, na hawakuwahi kuulizwa zaidi ya hapo. Kilimani waliulizwa kila siku. Mtoto wa miaka tisa alimshangaa binti wa Buenos Aires ambaye hakujua baraka ya mkate, akamfundisha neno kwa neno huku akimshika kidevu ili asikilize. Binti huyo alikasirika, akacheka, akalia, vyote kabla ya chai kupoa. Lakini tarehe 18 Julai, yeye ndiye aliyetufundisha sisi. Siku hiyo ilitimia miaka 25 tangu bomu kuvunja jengo la jumuiya ya Kiyahudi la AMIA jijini kwao mwaka 1994 na kuua watu 85. Aliwasha mshumaa, akaeleza kwa nini mbele ya majengo ya Kiyahudi ya Buenos Aires kuna nguzo za zege za kuzuia magari. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimulia walivyosali kwa siri enzi za Amin. Walikaa wakilinganisha habari zao hadi usiku, mkalimani wetu wa kulipwa akiwa katikati, nami pembeni nikiwa sina kazi, na sikumbuki jioni nyingine niliyofurahia kiasi hicho.

Bado fedha. Katika mijadala yetu tulizungumza sana juu ya neno la Kiebrania tzedaka, ambalo ni ndugu wa sadaka yetu iliyopitia Kiarabu, isipokuwa kwamba katika Kiebrania linatokana na neno lenye maana ya haki. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliipanga katika daraja nane, na ya juu kabisa ni kumwezesha mtu, kwa mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji kuomba tena. Tuliyajadili hayo vizuri, tukaenda kulala. Wiki iliyofuata mmoja wetu, kwa moyo safi kabisa, aliwaahidi wazazi watatu kwamba angewalipia watoto wao karo hadi wamalize. Alilipa muhula mmoja, kisha mwingine, kisha akahamia kazi nyingine na simu zake zikawa hazipokelewi. Simu zangu zinapokelewa, kwa hiyo niliyepigiwa ni mimi. Mzazi mmoja aliniambia kwamba kabla ya ahadi ile alikuwa na mpango wa kuuza mbuzi na kukopa kwa kikundi cha akina mama, na kwamba ahadi ilimfanya auache mpango huo. Mwenye nia ya kutoa apeleke fedha kwenye kamati, kiasi alicho nacho mkononi siku hiyo, na asiseme neno juu ya mwakani.

Tulipangiwa kuondoka Jumatatu tarehe 12 Agosti. Jumapili yake ilikuwa siku ya Tisha BeAv, mfungo wa kuomboleza kuvunjwa kwa Hekalu, ambao huanza machweo na kwisha usiku unaofuata bila chakula wala maji. Mwaka ule ulikutana na Idi ya kuchinja. Usiku wa Jumamosi tulikaa sakafuni kwa mwanga wa mishumaa tukisoma Maombolezo, na asubuhi tukaamshwa na takbira kutoka msikiti wa chini. Ilipofika saa saba harufu ya pilau ilikuwa imepanda hadi kwetu. Jirani wa upande wa chini, Mwislamu, alikuwa rafiki yetu, na wenzangu wakaingiwa na wasiwasi: bila shaka angeleta nyama, nasi tumefunga, na hata kama tusingefunga haikuchinjwa kwa sheria yetu. Wakaandika maneno ya kukataa kwa heshima, nusu ukurasa, wakanipa nikae nayo mfukoni.

Alikuja jua lilipokwisha kuzama kabisa. Alikuwa na kapu la mchele mbichi na mkungu mdogo wa matoke, na chini ya kwapa kuku hai aliyefungwa miguu. "Nimengoja giza," alisema. "Huyu hajachinjwa. Mchinjaji wenu atajua la kufanya."

Mchinjaji wa kijiji naye alikuwa amefunga, akaagiza kwamba atakuja akishakula. Ikabidi mtu ampakate kuku. Kijana wa London alimpokea, akaketi naye kwenye ngazi za baraza, mikono yote miwili ikiwa imemzunguka kama anayebeba sahani ya mchuzi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha wiki tisa, "Yeye anakula nini?" Nikaenda kutafuta mahindi.